Wavu Uliokazwa na Mvua

Siku ya kuniaga walinipa kiti cha plastiki, saa ya ukutani na hotuba. Kiti kina mguu mmoja mfupi, saa inakwenda mbele, na hotuba ilikuwa ndefu. Nashukuru kwa vyote vitatu. Katika hotuba hiyo mwenyekiti alisema nimeitumikia timu yetu ya Ngando tangu ujana wangu hadi mvi, akataja vikombe viwili, akaketi. Hakusema neno hata moja juu ya udongo. Sijui mtu anawezaje kuieleza kazi yangu bila kutaja udongo. Basi nimeamua kuwaandikia mwenyewe, ninyi wawili mnaobaki na beseni langu la kufulia, Trésor na Mado. Tena kuna jambo la wavu ambalo mmelisikia kwa watu wa soko, na watu wa soko wanajua kuongeza chumvi.

Kwenye karatasi za timu nilikuwa intendant. Ni neno la Kifaransa lililovaa suti. Maana yake ni mtu wa kufua. Intendant anafua jezi, anashona viatu, anajaza mpira upepo, anachora mistari na kufunga nyavu. Mechi ikianza anasimama nyuma ya goli la upande wa mto, karibu na mfereji, aokote mipira inayotumbukia kwenye mihogo ya akina mama. Na kwa kuwa viongozi hawapendi kuona mtu amesimama mikono mitupu, wanampa ubao na chaki aandike magoli.

Kazi hii nilifundishwa na Papa Ramazani, fundi viatu wa hapa mtaani kwetu Tshopo, mzee wa zile familia za Kiislamu zilizofika mjini na biashara za zamani. Kofia yake nyeupe haikuwahi kuwa na doa, hata akiwa katikati ya matope ya mwezi wa kumi. Mimi nilitoka Yanonge, mtoto wa mto. Nilijua kupiga kasia, kuogelea na kusuka nyavu, nikadhani hayo yanatosha kwa mji wowote. Siku ya kwanza Papa Ramazani alinitupia jezi ya beki wa kati, nzito kama mtoto aliyelala. Nikakimbia nayo mtoni, nikaipaka sabuni, nikasugua mpaka vidole vikauma. Yeye alikaa juu ya jiwe akinitazama. Nilipomaliza, jezi nyeupe ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Umemaliza kupaka rangi?" akaniuliza. "Bon. Sasa fua."

Udongo mbichi hausuguliwi. Uache ukauke, uukung'ute, uupige kwa mkono, kisha maji baridi, kisha ndiyo sabuni. Ukisugua ukiwa mbichi unauingiza ndani ya nyuzi, na hautoki tena mpaka jezi inakuwa kitambaa cha kudekia. Jezi ianikwe ndani nje, la sivyo namba zinabanduka. Viatu vijazwe karatasi za magazeti, na visikaribishwe motoni, hata kama mchezaji analia. Sindano ya pampu ilowesheni kwa mate kabla ya kuitia kwenye mpira. Mengine mtajifunza kwa kukosea, kama nilivyojifunza mimi.

Kukosea nilikosea sana. Msimu wangu wa pili chokaa iliadimika mjini, na mimi, kwa akili zangu nyingi, nikachora uwanja kwa unga wa muhogo. Mistari ilipendeza kweli. Nikaenda kula. Niliporudi, kuku wa mtaa mzima walikuwa wamekwisha kula eneo la penalti la upande mmoja na sehemu ya duara la kati. Mwamuzi siku hiyo alikuwa mwalimu Lotika, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu mkavu ambaye hata kicheko chake kilikuwa na alama za kusahihisha. Beki wetu alipomwangusha mtu, ilibidi mwalimu aniite uwanjani.

"Papa Bosenge," akasema, "kuku walianza kula wapi?"

Nikamwonyesha. Akapiga hatua, akahesabu, akawapa wageni penalti. Kwenye ripoti yake aliandika kwamba mistari ililiwa. Tangu siku hiyo mimi na yeye tulisalimiana kwa heshima, kila mmoja akimwogopa mwenzake kidogo.

Lakini fundisho kubwa la Papa Ramazani halikuwa la chokaa wala la sabuni. Lilikuwa la ubao. Katika msimu wangu wa kwanza wageni walitufunga goli la shaka shaka. Nikasita na chaki mkononi, macho yangu kwenye kibendera cha msaidizi wa mwamuzi, nikimwomba Mungu kibendera kinyanyuke. Hakikunyanyuka, nikaandika, pole pole, kama mtu anayetia sahihi hukumu yake mwenyewe. Papa Ramazani aliona. Baada ya mechi alinishika mkono, akanipeleka mpaka kwa kapiteni wa wageni, akaniambia niombe radhi kwa kuchelewa. Nikaomba. Kapiteni yule hakuelewa hata naomba nini.

Tukirudi Papa Ramazani akaniambia: "Ubao haina timu. Ball ikiingia, andika kwanza. Kulia utalia nyuma."

Nikalishika neno hilo, na kuliko mimi, mkono wangu ndio uliolishika. Miaka ilipita, na mkono ukawa unaandika wenyewe. Mpira ukigusa wavu, goli la yeyote, chaki ilikwisha andika kabla mimi sijajua nifurahi au ninune. Nililionea fahari jambo hilo. Sikujua litanipeleka wapi.

Sasa nifike kwenye ule msimu. Ulikuwa mbaya tangu mwanzo. Mshambuliaji wetu mmoja alioa akanenepa, mwingine alifuata kazi ya meli. Papa Ramazani alikuwa amestaafu, lakini kila mechi alikuja kukaa kando yangu nyuma ya goli, kwenye kigoda, na redio yake ndogo sikioni akisikiliza mechi nyingine, kana kwamba yetu haikumtosha. Tulifika mechi ya mwisho tukining'inia kwenye ligi ya kwanza ya jimbo kwa ukucha mmoja. Tulicheza nyumbani na timu ya Yangambi. Tukitoka sare tunabaki. Tukifungwa tunashuka.

Na kushuka si neno la kwenye jedwali tu. Timu ikishuka, wachezaji wazuri wanahama, watu wanaacha kuja, na siku ya Jumapili mtaa mzima unakuwa kama nyumba yenye msiba mdogo. Mimi sikuwa na timu nyingine duniani. Jezi zile nilizijua kwa harufu. Wiki ile sikulala vizuri, na chakula kilikuwa hakina ladha.

Wiki hiyo hiyo wavu wa upande wa mto ulikatika. Kamba zake za juu na za pembeni zilikuwa zimeoza, na nailoni haikupatikana. Nikaenda kwa shemeji yangu kule Wagenia, wanakovua kwa mitego mikubwa iliyofungwa juu ya miti katikati ya maporomoko. Akanipa kamba yao ya nyuzi za miti, ile wanayosokota wenyewe.

"Hii haikatikake," akaniambia. "Maji inapiga usiku na mchana, na yeye anakaza tu. Maji ikizidi, yeye anazidi kukaza."

Nikafurahi. Nilirudi nayo begani nikipiga mluzi, nikaufunga wavu kwa mafundo ya Yanonge, mafundo ya babu yangu, nikawaambia watu waje waone kazi. Walikuja, wakasifu. Papa Ramazani peke yake ndiye aliyeuliza kamba ile imetoka wapi. Nilipomwambia, akasema "Ahaa," akarudi kwenye redio yake. Ningejua, ningemuuliza ile "Ahaa" ina maana gani.

Mtoto wa mto, nimekulia kwenye nyavu, na sikukumbuka jambo ambalo kila mwanamke anayefunga mzigo kwenye mtumbwi analijua: kamba ya nyuzi ikilowa inafupika. Kwenye mtego wa Wagenia hiyo ni baraka, maana maji yanavyosukuma ndivyo kamba inavyoshika miti. Kwenye goli la mpira ni kitu kingine.

Siku ya mechi mvua ilinyesha saa sita, mvua ya kweli, kisha ikakatika ghafla na jua likatoka. Kanuni ya Papa Ramazani ni kwamba baada ya mvua intendant aende akapige kila wavu ngumi, na ngumi izame mpaka kiwiko. Wavu ukiwa mlegevu unaumeza mpira. Nilikuwa njiani kwenda, naapa, wakati namba tisa wetu aliponijia na kiatu kilichofungua mdomo kama samaki anayetaka kusema. Nikaketi kumshonea. Nilimaliza mwamuzi akipuliza filimbi ya kuanza. Ngumi sikupiga.

Mwamuzi alikuwa mwalimu Lotika.

Kipindi cha kwanza hakikuwa mpira, kilikuwa kilimo. Kipindi cha pili uwanja ulikauka kidogo na Yangambi wakaanza kutukimbiza. Dieudo, kipa wetu, aliyekuwa akilinda goli la upande wangu, aliokoa mpira kwa mguu, kwa mkono, na mmoja kwa sikio. Nilianza kuhesabu dakika. Zilibaki kama kumi hivi. Ubao wangu ulisema sufuri kwa sufuri, na sijawahi kuona sufuri nzuri kama zile.

Ndipo namba kumi wao, kijana mwembamba, akapiga kutoka mbali. Mpira ulipita juu ya vidole vya Dieudo, chini ya mwamba, ukaingia. Lakini wavu haukuumeza. Ulilia "bum," kama ngoma ya kanisa, ukautema. Mpira ukarudi moja kwa moja kifuani mwa Dieudo aliyekuwa ameanguka, naye akaukumbatia. Alinitazama. Mimi nilimtazama. Kisha akaamka kama mtu aliyekumbuka sufuria motoni, akautupa mpira mbele, na mchezo ukaendelea. Mwamuzi alikuwa mbali, katikati ya uwanja. Msaidizi wake alikuwa ameteleza na anajitoa tope machoni. Wachezaji wa Yangambi waliinua mikono, wakapiga kelele, na hakuna aliyewasikiliza.

Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, Bosenge, una bahati, wavu wako umeokoa timu. Nikageuka kumwambia Papa Ramazani. Hakuwa akinitazama mimi. Alikuwa akitazama ubao.

Ubao ulisema sufuri kwa moja.

Mkono ulikuwa umekwisha andika. Sikumbuki kufuta ile sufuri, sikumbuki kuandika ile moja, lakini pale ilikuwepo, imenyooka, na vumbi la chaki kwenye vidole vyangu. Watu wa benchi la Yangambi nao wakaiona. Wakaanza kunyoosha vidole. Mmoja akakimbia mpaka mstarini, na kelele zikawa nyingi hata mwalimu Lotika akasimamisha mchezo, akaanza kutembea kuja kwangu, uwanja mzima, pole pole, viatu vyake vikitoa sauti kwenye matope. Watu wakasogea karibu. Sheria za mpira hazimtaji popote mtu wa kufua, na mwalimu alizijua sheria zote. Alikuja hata hivyo.

"Papa Bosenge," akasema, "ile moja iko ya nani?"

Kabla sijajibu, kelele zilianza nyuma yangu. "Futa! Futa, Papa!" Kitambaa kilikuwa mkononi, kimelowa tayari. Mwenyekiti wetu wa wakati ule akaja na mwavuli wake, ingawa mvua haikuwepo, akaninong'oneza kwa upole.

"Ndeko na ngai, ndugu yangu," akasema, "chaki inaweza kukosea. Hata mutu ya masomo anakoseaka. Futa tu, alors tuende nyumbani."

Nitawaambia ukweli: nilitaka kufuta. Niliipenda timu ile kuliko vitu vingi nilivyopaswa kuvipenda zaidi. Niliwaona wachezaji wetu, jezi zao nilizozifua Alhamisi, wote wananitazama kama watoto wanaomtazama mama akigawa nyama. Nikamtazama Papa Ramazani anisaidie. Alikuwa amezima redio. Alivua kofia yake akaikung'uta, na haikuwa na vumbi.

"Iko ya Yangambi, mwalimu," nikasema. "Ball iliingia. Ilipiga filet ya goli, filet ikairudisha. Hii filet ni miye nilifunga."

Mwalimu akageuka. Akaenda kuzungumza na msaidizi wake, ambaye sasa alikuwa na jicho moja safi, kisha akanyoosha mkono kuelekea katikati. Goli. Katika zile dakika zilizobaki tulipiga mwamba mara moja, na namba tisa, mwenye kiatu changu, aliteleza akiwa peke yake na kipa. Kiatu hakikufunguka, ila mechi iliisha. Tukashuka.

Nililia, sitaficha. Nililia nikiwa naufungua wavu, na mafundo ya babu yangu yalikuwa yamekaza mpaka ikabidi niyakate kwa kisu. Papa Ramazani alinishikia kamba.

"Kosa iko," akasema. "Lakini kosa ni ya kamba. Haiko ya chaki. Usichanganye."

Mtaa haukutofautisha. Kesho yake nilipata jina: Buteur, yaani mfungaji wa magoli, kwa sababu siku ile mfungaji nilikuwa mimi. Sokoni akina mama wauza majani ya muhogo waliita, "Buteur, kuya ununue pondu." Kwenye teksi ya pikipiki, "Buteur, leo unafungia timu gani?" Mke wangu, ambaye hajawahi kukanyaga uwanjani, alinipa fufu tupu, ugali bila kitoweo, siku tatu. Nikamuuliza samaki yuko wapi.

"Samaki iliingia," akasema, "halafu ikarudi mutoni, sawa ile ball yako."

Kamati ilikutana ili inifukuze. Walijadiliana kutwa nzima, kisha wakagundua kwamba hakuna mwingine anayejua kutoa udongo kwenye jezi nyeupe, wakaniacha na onyo. Wachezaji wanne walihama. Misimu miwili tulicheza chini, tukienda kwa mtumbwi wa injini mpaka Yanonge na Isangi, beseni langu miguuni. Kila uwanja nilipofika nilipiga wavu wao ngumi kabla ya kusalimia watu. Baadaye tulipanda tena, na vikombe viwili vya hotuba vilikuja baada ya hapo. Papa Ramazani alifariki kabla ya kikombe cha pili. Kofia yake iko kwangu, na bado haina doa, kwa kuwa sithubutu kuivaa. Jina la Buteur halikushuka ligi. Lilibaki juu miaka yote, na watoto waliozaliwa baada ya mechi ile walinisalimia nalo bila kujua limetoka wapi.

Wiki moja baada ya hotuba na kiti, nilikuwa mtoni nikifua kwa mara ya mwisho, seti ile ya akiba, kwa sababu ninyi wawili mlikuwa hamjarudi kutoka Yangambi. Mwalimu Lotika akaja na fimbo yake. Naye amestaafu kila kitu, hesabu na filimbi. Akakaa juu ya jiwe lile lile la Papa Ramazani bila kujua ni la nani. Tukazungumza habari za magoti.

"Bosenge," akasema, "kuna kitu. Ile siku, miye niliona."

"Uliona nini?"

"Ball. Niliona inaingia, filet ikatetemeka. Niliona muzuri kabisa." Alikuwa akichora kitu kwenye mchanga kwa fimbo. "Lakini batu walikuwa wengi, na miye nilikuwa na nyumba hapa Tshopo, na bibi, na batoto. Niliogopa. Donc nikatafuta mutu mwingine wa kusema. Nikaona chaki yako."

Nilikasirika. Nawaambia nilikasirika kweli, damu ilipanda mpaka masikioni. Fufu bila samaki, pikipiki, soko, kamati, miaka yote ile, na mtu mwenye filimbi alikuwa ameona. Nikataka kumwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nikamtazama: mzee mkavu, amekuja kwa miguu kutoka upande wa pili wa mtaa kuniambia jambo ambalo hakuna aliyemuuliza. Kicheko kikanishinda. Nilicheka mpaka sabuni ikanitoroka na maji.

"Mwalimu," nikasema, "jina nimelibeba peke yangu vya kutosha. Nusu ni yako. Vua viatu."

Akavua. Nikamsogezea beseni na jezi za mabeki. Akachukua moja, akaitia majini, akaanza kusugua tope likiwa bichi, kwa bidii yote ya mtu anayeungama. Nilimwacha mpaka amalize. Jezi ikawa na rangi ya chai ya maziwa.

"Umemaliza kupaka rangi?" nikamuuliza.

Nikamfundisha tangu mwanzo: ikauke, uikung'ute, uipige. Alijifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi. Tulikuwa tumefika jezi ya sita, mikono yetu yote imekunjamana kwa maji, mama mmoja akapita njiani na kikapu cha mihogo kichwani.

"Buteur, habari?" akaita.

Nikafungua mdomo, lakini mwalimu alikuwa amenitangulia.

"Muzuri, mama," akajibu, bila kuinua macho kwenye beseni.